Mtungi wa Mia na Tano

Kwa Ndunda, Kinanie
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa Bwana Nderitu Kibe,
Mpokeaji wa Sampuli, Maabara ya Maji, Nairobi.

Bwana Nderitu,

Nimekupigia simu mara nne, na mara zote nne umeniambia habari za sampuli haziendi kwa simu, niandike. Basi naandika. Nilisoma hadi darasa la saba, kisha nikaendesha mashine ya kusaga unga miaka ishirini na miwili, kwa hivyo huu ni mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika kwa chaki juu ya magunia. Utavumilia.

Mimi ni katibu wa kamati ya kisima cha Kwa Ndunda. Kisima ni cha mita tisini, kinatumia stima, na nyumba mia moja na arobaini zinakitegemea. Mwendo wa robo saa juu yetu kuna kiwanda kinachoyeyusha betri kuukuu. Ukuta wake umepakwa kijani, nadhani ili tukiutazama tuone majani. Mwezi wa kumi na moja mjukuu wangu Nthambi, ambaye ana miaka minne, alipimwa damu hospitalini ikaonekana ina madini ya risasi. Kiwanda kikasema risasi hiyo imetoka kwa rangi ya nyumba yetu. Nyumba yetu ni ya matofali matupu. Haijawahi kupakwa rangi, hata ya Krismasi.

Sasa wanaomba leseni ya tanuri la pili. Kikao ni tarehe 20 Machi. Wakili wetu Mwihaki, ambaye hatutozi chochote, amesema tukienda huko bila karatasi ya maabara kuhusu maji yetu, tutasikilizwa kwa heshima na kurudishwa nyumbani.

Kwa hivyo nimefanya kazi safi. Chupa zenu mbili zilikuja na matone fulani chini, yanachoma pua. Nikajua mtu wenu hakuzikausha vizuri, lakini sikulalamika. Nilizisuuza mara tatu kwa maji moto na sabuni. Halafu alfajiri nikaenda kisimani kabla ya mtu yeyote, nikachota yale maji ya kwanza kabisa. Hakuna maji safi kuliko hayo Machakos nzima.

Boksi linakuja na gari la asubuhi. Tunangoja.

Wako,
Kasiva Mulwa (Bi.)
Katibu


Nairobi
Alhamisi, 6 Februari 2025

Kwa Bi. Kasiva Mulwa,

Sampuli zako zimekataliwa. Sababu:

Matone yaliyokuwa kwenye chupa ni asidi. Huwekwa makusudi, ili madini yasigande kwenye kuta za chupa njiani. Ulipozisuuza, uliimwaga.

Maji ya kwanza ya alfajiri yamelala usiku kucha ndani ya bomba. Yanaeleza habari za bomba, hayaelezi habari za ardhi. Kwa vipimo vilivyo kwenye cheti cha mchimbaji, kisima chenu kikiwa kimetulia kina kama lita mia saba. Kiasi hicho hutolewa mara tatu kabla ya kuchota sampuli. Jumla ni lita elfu mbili na mia moja.

Nimetuma chupa nyingine. Zile mbili zenye asidi zisisuuzwe. Ile ya tatu, iliyojaa, ina maji ya maabara.

N. Kibe
Mpokeaji wa Sampuli


Kwa Ndunda
Jumanne, 11 Februari 2025

Bwana Nderitu,

Barua yako ni fupi kama ya mtu anayelipia kila neno.

Mnatuma asidi ndani ya chupa na hamwandiki "hii ni asidi". Mkono wangu wa kulia uliwasha siku mbili, nikadhani ni upupu. Kwa mashine yangu, mtu akileta mahindi yenye mawe nilimwambia kabla sijawasha, sikungoja asagiwe ndipo nimwandikie kwamba amekataliwa.

Hata hivyo nimetii. Jana tulitoa lita elfu mbili na mia moja. Ningetaka uwe na picha hiyo. Hapa mvua ya mwisho ilinyesha Desemba. Kisima kilikuwa na foleni ya wanawake tangu saa kumi na mbili, na mimi, katibu, nikashika bomba nikamwaga maji chini saa nzima na zaidi, wakitazama. Jirani yangu Kaluki akaniuliza kwa sauti ya kanisani, "Katibu, kumbe hayo mawe yana kiu kuliko sisi?" Mwingine akasema labda napanda mchele. Jibu liko Nairobi, na linaandika barua za mistari mitano.

Lakini kisima sasa kinapendeza. Mwenyekiti wetu, Mzee Wambua, aliposikia maji yanakwenda maabara alisema hatuwezi kuonekana watu wa hivi hivi. Jumapili baada ya ibada alipaka bomba lote rangi ya samawati, mpaka mdomo wake, na ukingo akaupaka nyeupe. Hapa mgeni hapokelewi kwa vumbi.

Asidi sikuimwaga. Na asante kwa ile chupa ya maji safi, mwenyekiti ameipatia kazi.

Kasiva Mulwa


Nairobi
Ijumaa, 14 Februari 2025

Kwa Bi. Kasiva Mulwa,

Sampuli zimekataliwa.

Katika chupa ya pili kuna kipande cha rangi ya samawati, ukubwa wa punje ya mtama. Rangi nyingine za chuma huwa na risasi. Hata kama hii haina, sina namna ya kumthibitishia mtu kwamba haina.

Chupa ya tatu haijarudi. Yale ni maji ya shahidi. Hufunguliwa kisimani, hufungwa, husafiri pamoja na wenzake na kurudi hapa kupimwa. Yakirudi yakiwa safi, tunajua hakuna kitu kilichoingia kwenye chupa njiani. Bila hayo hatujui.

Tafadhali eleza ni kazi gani mwenyekiti aliyapa.

N. Kibe


Kwa Ndunda
Jumapili, 16 Februari 2025

Nderitu,

Bwana nimeliacha nyumbani kwa sababu nina hasira na sitaki kuandika uongo.

Umeuliza kazi gani. Mzee Wambua aliyatazama maji yenu kwenye mwanga akasema haya si ya kunywa, haya ni maji ya betri. Akafungua pikapu yake akayatia yote. Pikapu sasa inashika mara moja, ambayo ni faida pekee tuliyopata kutoka kwa maabara yako tangu mwaka uanze. Kwamba shahidi wetu wa kesi ya betri ameishia ndani ya betri, hilo nimeshalicheka peke yangu, na halikunisaidia.

Sasa nikuambie kitu wewe hujaona ukiwa kwenye kiti chako. Alhamisi walikuja watu wawili wa kiwanda, wamevaa jaketi za kung'aa, na barua ya kuwaruhusu kuchota. Walifungua bomba, bomba hilo hilo la samawati, wakajaza chupa tatu, wakafunga, wakaondoka. Dakika kumi. Hawakumwaga hata kikombe. Wakati wanaingia kwenye gari nikaona boksi lao. Ni kama langu. Jina lililoandikwa juu ni la maabara yako.

Ya kwao hayajarudi. Mimi ndiye narudishiwa kila wiki kama mtoto asiyevaa sare.

Nthambi alikuwa anajua kuhesabu mpaka ishirini. Siku hizi anafika kumi na mbili, anasimama, ananitazama kana kwamba mimi ndiye nimezificha hizo zingine. Zimebaki siku thelathini na mbili kabla ya kikao, na wewe unanihesabia punje za rangi.

Basi nakuuliza mbele ya Mungu na ya karatasi hii: kiwanda kimekupa ngapi?

Kasiva Mulwa


Nairobi
Jumatano, 19 Februari 2025

Mama Kasiva,

Sijapewa kitu. Nimekaa na barua yako siku nzima, na mimi pia nimekasirika, kwa hivyo leo nitaandika zaidi ya mistari mitano.

Miaka tisa iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii, mzee mmoja alikuja kutoka sehemu ambayo sitaitaja. Alibeba maji kwenye chupa ya soda, ameifunga kwa karatasi ya nailoni na uzi. Alisafiri tangu usiku. Nilimhurumia, nikapokea. Tulipima, na yale maji yalikuwa mabaya sana, Mama. Namba zilikuwa za kweli, nazijua mpaka leo. Siku ya kesi wakili wa upande wa pili hakuuliza juu ya namba. Aliuliza ile chupa ilikuwa na nini kabla ya maji. Mzee akasema soda. Watu wakacheka. Akauliza maji yalichotwa saa ngapi, baada ya kumwaga kiasi gani, na nani alikuwepo. Mzee akasema alikuwepo Mungu. Wakacheka tena. Karatasi yangu ilitupwa kabla ya saa nne asubuhi, na watu wale wakaendelea kunywa. Mimi ndiye niliyemfanyia hivyo, kwa huruma yangu.

Tangu siku hiyo siwahurumii wateja.

Kuhusu chupa za mtu mwingine siruhusiwi kukuambia lolote, wala siruhusiwi kumkatalia mtu ambaye chupa zake zimefika nzima na zimefungwa. Nikikukatalia wewe, ni kwa sababu wakili wako aliniandikia kwamba mnataka karatasi itakayosimama mbele ya maswali. Wengine hutaka karatasi tu, na karatasi huipata. Lakini kila boksi huja na fomu, na fomu zote husomwa kwenye kikao. Mstari wa nne unauliza: "Lita zilizotolewa kabla ya kuchota." Mstari huo ukiachwa wazi, mimi siujazi.

Nimetuma boksi la tatu. Nimeandika juu ya kila kitu, kwa herufi kubwa, ASIDI palipo na asidi. Safari hii asidi iko kwenye kichupa peke yake, kwa sababu nataka maji yachujwe kwanza. Kuna sindano kubwa isiyo na ncha, na kichujio cha kufunga mdomoni mwake. Unavuta maji, unafunga kichujio, unasukuma. Kwanza kuchuja, ndipo asidi. Ukianza na asidi, tope litayeyuka ndani ya maji nao watasema tulipima tope. Glavu ni mpya. Ile chupa iliyojaa nimeifunga utepe mwekundu na kuandika SHAHIDI, SI YA BETRI.

Mdomo wa bomba uliopakwa rangi uondolewe. Na awepo mtu wa kuhesabu.

N. Kibe


Kwa Ndunda
Jumanne, 4 Machi 2025

Bwana Nderitu,

Nimelirudisha Bwana.

Nikueleze jana ilivyokuwa, kwa sababu fomu yako ina mistari tisa na siku yenyewe ilikuwa ndefu kuliko hapo.

Kwanza niliita kamati. Nikasema maji yatatolewa tena lita elfu mbili na mia moja. Mzee Wambua akashika kichwa, akaniita mama kwa Kikamba: "Mwaitu, ukimwaga tena mbele ya wale wanawake watakuzika na huo mdomo wa bomba." Nikamwambia safari hii simwagi. Nimefanya hesabu ya unga miaka ishirini na miwili, najua kubadilisha gunia kuwa debe. Mtungi ni lita ishirini. Lita elfu mbili na mia moja ni mitungi mia na tano. Foleni yetu yenyewe ndiyo kipimo.

Basi tukatangaza: kila nyumba mtungi mmoja, bila malipo, na kila anayechota anaandikwa jina na saa, kisha anatia sahihi. Fundi akang'oa ule mdomo wa samawati, akafunga bomba jipya la plastiki. Mzee Wambua ameubeba ule mdomo mpaka kwake, nadhani ataupachika mahali.

Tulianza saa kumi na mbili kamili asubuhi. Kaluki alihesabu, kwa sababu ndiye aliyenitukana zaidi, na nilitaka shahidi ambaye hanipendi. Muli naye alikuwepo, yule ambaye mwanawe anafanya kazi kiwandani. Alipofika mbele akasema, "Nyinyi mnatafuta kumfukuzisha mtoto wangu kazi na mnataka niwape sahihi?" Kaluki akamwambia, "Sahihi ni ya maji. Kama huyataki, pisha mtungi." Akatia sahihi. Ni wa thelathini na nane, ameandika kwa nguvu karatasi ikatoboka, sijaibadilisha.

Mtungi wa sitini na moja Kaluki aligundua ni wa lita kumi. Mwenyewe akasema mtungi ni mtungi. Nikampa, lakini mwishoni nikaongeza lita kumi kwenye ndoo, na nimeandika pembeni.

Mpaka mtungi wa sabini hivi maji yalikuwa na ukungu kidogo. Baadaye yakawa meupe. Mtungi wa mia na tano ulikuwa wa Wayua, ambaye ana mapacha wa mwaka mmoja. Ilikuwa saa moja na dakika ishirini. Nikamwambia Mzee Wambua asimame mbali na sigara yake, nikavaa glavu, nikachota, nikachuja. Ile sindano yako ni kazi ya mtu wa miaka thelathini, mimi nina hamsini na nane, kidole gumba bado kinauma. Halafu asidi. Halafu nikamfungua shahidi wako, nikamfunga, nikamlaza pamoja na wenzake kwenye barafu. Saa moja na dakika arobaini na tano boksi lilifungwa. Mzee Wambua alitaka kuandika saa moja na nusu kwa sababu inaonekana nadhifu. Nikamnyang'anya kalamu.

Yote yako kwenye karatasi. Majina mia na tano.

Sasa kitu kimoja ambacho hakina mstari kwenye fomu yako. Ili nikuletee maji ambayo hakuna atakayeyacheka, nimewapa watu mia na tano maji yale yale waende nayo nyumbani. Nilisimama nikawahesabia. Wayua alinishukuru. Walibeba kichwani kitu ambacho mimi namtumia mtu wa Nairobi avae glavu kukishika. Wangenywa hayo hayo kesho yake, najua, na wangelipia, hakuna kisima kingine. Lakini kesho yake si mimi ningekuwa nimeita foleni.

Ukiyakataa haya, usiniandikie. Njoo uniambie mwenyewe, nikiwa nimesimama na Kaluki.

Kasiva Mulwa


Nairobi
Alhamisi, 6 Machi 2025

Mama Kasiva,

Sampuli zimepokelewa.

Nimesoma orodha yote, pamoja na pale palipotoboka. Matokeo yatakwenda kwa wakili, si kwa barua hii. Wewe kwenye kikao jibu unachoulizwa tu, na ukiulizwa usichokijua, sema hujui.

Sina mstari wa kuweka lile jambo la mwisho. Nimelisoma.

Nderitu


Kwa Ndunda
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mwanangu Nderitu,

Najua Mwihaki amekueleza kikao kilivyokwenda, lakini wakili hueleza kama anayepita na gari, na mimi nilikuwa kwa miguu.

Walisoma karatasi yao kwanza: maji yana risasi kidogo, na hiyo kidogo ni ya rangi ya bomba, picha hii hapa. Ilikuwa picha nzuri. Bomba la Mzee Wambua liling'aa kwenye ukuta wa ofisi, akajikuta anatabasamu kabla hajakumbuka tuko wapi. Halafu ikasomwa yetu: risasi mara sita ya kiwango, na maji ya shahidi hayana kitu.

Wakili wao aliniuliza maswali yote ya yule mzee wako. Yote, kwa mpangilio ule ule, kana kwamba wana kitabu. Chupa ilikuwa na nini kabla? Nikasema haikuwa na kitu, ilikuja imefungwa, na mdomo wa rangi ulikuwa umeng'olewa. Nilitoa lita ngapi? Nikasema elfu mbili na mia moja, mtungi wa sitini na moja ulikuwa nusu nikafidia. Nani alikuwepo? Nikasema je, anataka niwasome wote au aanze na Bwana Muli, ambaye mwanawe ni mfanyakazi wa wateja wake. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa wacheke.

Kisha Mwihaki akamwita yule wa jaketi ya kung'aa, akamuuliza mstari wa nne. Yule kijana akageuza fomu upande wa pili, akairudisha upande wa kwanza. Akasema, "Tulifungua bomba kidogo."

Tanuri la pili limekataliwa. Usinipongeze. La kwanza bado linawaka, nalinusa nikiandika hapa, wamepewa miezi sita ya kujirekebisha kama watu waliochelewa kuchukua kitambulisho. Kisima kimefungwa kwa kufuli. Maji yanakuja kwa lori mara mbili kwa wiki, foleni ni ndefu, na wanawake wananitazama vibaya kuliko walivyonitazama siku ile nilipomwagia mawe maji. Sasa wanajua walichokuwa wanakunywa, na mtu wa kumkasirikia aliye karibu ni mimi. Kiwanda kina ukuta. Mimi nina mlango wa mbao.

Wiki iliyopita alikuja muuguzi kupima watoto damu. Akasema ana vipimo vichache, aanze na nani, kuna orodha ya waliochota? Watu wakatazamana. Nikaenda ndani nikaleta nakala ya majina yako mia na tano, yenye saa na sahihi. Akaniuliza nilijuaje nitaihitaji. Sikujua. Ni wewe uliyetaka mtu wa kuhesabu.

Tumeanza na mtungi wa mia na tano, tukirudi nyuma, kwa sababu ya mapacha wa Wayua. Muuguzi hutoboa kidole. Nikakaa mlangoni na sabuni na beseni, maana alieleza kwamba mkono wenye vumbi la huku unaweza kuipa damu risasi ambayo si yake, na kwamba tone la kwanza hupanguswa, halipimwi. Alipofika hapo nikammalizia mwenyewe: kama maji ya kwanza ya alfajiri.

Jana nimewarudisha watoto watatu nje, kucha zao zina udongo. Mmoja nimemrudisha mara mbili. Mama yake alikuwa kwenye foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, amemfunga mgongoni, na alinitazama jinsi nilivyokuwa naiangalia saini yako.

Mama huyo ni Kaluki. Alisimama pale mlangoni mbele ya watu wote akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kanisani, kiwanda kimenipa ngapi.

Nikamwonyesha beseni.

Mama yako,
Kasiva Mulwa